Kigae Kidoleni: Pete za Lamu na Usomaji wa Mji Unaobadilika

Utangulizi

Anayepita katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, huziona katika maduka ya masonara pete za fedha ambazo mahali pa kito pamewekwa kipande cha sahani iliyovunjika. Kipande chenyewe aghalabu huwa cheupe, na juu yake pana alama ya buluu: jani, nusu ya ua, au mstari ambao mwisho wake umebaki kwenye kipande kingine kisichojulikana kiliko. Wanunuzi wengi ni wageni. Huambiwa kwamba kipande hicho ni cha kale, kwamba kilitoka Uchina kwa njia ya bahari na kuokotwa ufuoni au penye magofu, nao huondoka wakiamini kuwa wamevaa kidoleni sehemu ya historia ya mji.

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kuisoma kanga kama matini. Amefundishwa kwamba kanga ina pindo, mji na jina, na kwamba maana yake hutokana na jinsi sehemu hizo zinavyokutana na aliyeivaa na aliyekusudiwa kuisoma. Mlango wa kuchonga nao umepata wasomaji wake. Pete ya kigae haijapata heshima hiyo. Imeachiwa wachuuzi na vitabu vya kuwaelekeza watalii. Makala haya yanadai kwamba pete hiyo ni matini kamili kuhusu Lamu, tena matini inayosema mengi kuhusu kuanguka na kugeuka kwa mji kuliko mapambo ya dhahabu yaliyo ghali zaidi. Hata hivyo, usomaji wake una gharama. Kigae kinachosema kidoleni huenda kimenyamazishwa ardhini, na mgongano huo ndio kiini cha mjadala unaofuata.

Kito, pambo na dhana

Kuanzia miaka ya 1960, barani Ulaya palizuka mkondo wa masonara waliokataa kanuni kwamba thamani ya pambo ni thamani ya madini na mawe yaliyomo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Otto Künzli, sonara mzaliwa wa Uswisi aliyefanyia kazi zake Munich, Ujerumani. Mwaka 1980 alitengeneza bangili ya mpira mweusi, na ndani ya mpira huo akaficha tufe la dhahabu. Anayeitazama haoni dhahabu. Huona uvimbe tu. Jina aliloipa kazi hiyo linasema kwamba dhahabu hupofusha. Mvaaji hana budi kuamini kwamba dhahabu imo, na akitaka kuhakikisha itambidi aikate bangili na kuiharibu. Hapa pambo limegeuzwa kuwa hoja.

Kazi za aina hii ziitweje kwa Kiswahili? "Vito vya dhana" ni jina linalokuja upesi ulimini, lakini lina kasoro. Kito, katika matumizi ya kawaida, ni jiwe la thamani, na neno johari nalo huelekea huko huko. Ukisema "vito vya dhana" umekwisha kuirudisha hoja mahali ambapo masonara hao walitaka kuiondoa. Pambo, kwa upande mwingine, linatokana na kitenzi kupamba. Linataja kazi ya kitu, si malighafi yake. Hina ni pambo, kikuba cha majani ya kunukia ni pambo, na jasi la sikio liliweza kuwa la fedha, la mti au hata la karatasi ya rangi iliyokunjwa duara, na bado likaitwa jasi. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia istilahi "mapambo ya dhana". Waswahili walikuwa na lugha ya kulizungumzia jambo hili kabla ya mkondo wa Ulaya kuzuka.

Ni vyema kuongeza, japo kwa kupita, kwamba lugha hiyo inafifia. Kipini na hazama vya puani, jasi na kipuli vya sikioni, kekee na timbi za mkononi, furungu na mtali wa mguuni, kidani na mkufu wa shingoni: kila sehemu ya mwili ilikuwa na msamiati wake. Katika utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858, mapambo ya mwili, pete zikiwamo, yamo ndani ya wosia ambao mama anampa bintiye kuhusu maisha ya ndoa. Mwanafunzi wa leo wa Nairobi au Eldoret huyamaliza yote kwa maneno matatu: bangili, herini na cheni. Anayetaka kuuhariri au kuufafanua utendi huo darasani hukwama si kwenye falsafa yake bali kwenye majina ya vitu.

Neno kigae lenyewe linastahili kuangaliwa. Gae ni kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika, ambacho bado kinaweza kukaangia au kubebea makaa. Kigae ni udogo wa gae. Kigae pia ni kile kinachoezekwa juu ya paa, lakini maana inayohusika hapa ni ya kwanza, nayo ni maana ya kitu kilichokwisha kazi yake. Muundo wa "pete ya kigae" ni ule ule wa "pete ya almasi" na "pete ya yakuti". Kiunganifu kimekiketisha kigae katika kiti cha kito bila kukibadilisha jina. Sonara hakukiita kwa jina la heshima ili kukiuza, na katika ukweli huo wa jina mna sehemu kubwa ya mvuto wa pete hii.

Kuna jambo jingine la kimsamiati. Chombo cha aina hii huitwa cha kauri, na kauri ni jina la simbi ya baharini pia, ile ndogo inayong'aa ambayo kwa muda mrefu imetumika kama pambo. Mng'ao mmoja umezaa jina moja kwa vitu viwili, kimoja kutoka baharini na kingine kilichovuka bahari.

Kutoka kidakani hadi kidoleni

Mwanaanthropolojia Igor Kopytoff alipendekeza mwaka 1986 kwamba kitu kinaweza kuandikiwa wasifu kama mtu: kilizaliwa wapi, kilipitia mikono gani, ni lini kilikuwa bidhaa na ni lini kiliacha kuwa bidhaa. Njia hiyo inakifaa sana kigae cha Lamu, maana kigae hicho kimebadilisha hadhi zaidi ya mara moja, na kila badiliko linalingana na badiliko la mji.

Maisha yake ya kwanza ni ya biashara. Uchimbuzi wa kiakiolojia katika visiwa vya Lamu, ule wa Neville Chittick huko Manda na ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate miaka ya 1980, ulionyesha kwamba vyombo vya kigeni vilikuwa vikifika hapo tangu karne za 8 na 9, vingine kutoka Ghuba ya Uajemi na vingine kutoka Uchina. Baadaye vikaja vyombo vyenye mapambo ya buluu juu ya weupe, na katika karne ya 19 vikafuata vile vilivyotengenezwa katika viwanda vya Ulaya. Ndiyo kusema kwamba maelezo ya muuzaji kuwa kila kigae kimetoka Uchina hayawezi kukubaliwa bila kuchunguzwa. Kigae cha sahani ya Uholanzi kina historia yake, na historia hiyo si ndogo: ni ya wakati ambapo bidhaa za viwandani zilikwisha kuingia hata katika zidaka za Pwani.

Maisha ya pili ni ya ukutani. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulitobolewa safu baada ya safu ya vidaka vilivyopambwa kwa lipu ya kuchonga. Wenyeji kwa lahaja ya Kiamu huviita zidaka, na jina hilo la wingi ndilo lililoenea hata katika maandishi ya Kiswahili sanifu. Humo ndimo vyombo vya kauri vilimowekwa. Bakuli liliacha kuwa chombo cha kulia likawa tangazo la uungwana: mwenye nyumba ana ukoo, ana mali, ana uhusiano na ng'ambo. Linda Donley-Reid, aliyezitafiti nyumba hizo, alieleza kwamba vyombo hivyo vilichukuliwa pia kuwa kinga dhidi ya husuda. Nje ya nyumba hali ilikuwa hiyo hiyo. Katika kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika mnara wenyewe, na huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi yalipambwa kwa njia kama hiyo. Wazo la kukitoa chombo katika matumizi na kukizungushia ukingo ili kitazamwe halikuanza na sonara wa pete. Waashi walilijua karne kadhaa kabla yake. Sonara alilipunguza tu, akalitoa kwenye chokaa akalileta kwenye fedha.

Maisha ya tatu ni ya kuvunjika, na hapa fasihi imetangulia. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unaitazama Pate iliyokuwa na utajiri na sasa ni magofu, na miongoni mwa picha zake ni ya zidaka zilizokuwa za vyombo ambazo zimegeuka makazi ya ndege wa mwituni. Mshairi alichagua kidaka kitupu kuwa ishara ya mji ulioanguka, na hakukosea, kwa sababu kidaka ndicho kilichokuwa kioo cha hadhi ya nyumba. Lakini yeye aliiacha sahani nje ya picha. Alilitazama pengo, hakukitazama kilichoondoka. Pete ya kigae inaanzia pale ambapo utungo ulinyamaza: sahani ilikwenda wapi? Ilivunjika, ikatupwa jaani, ikafunikwa na mchanga, ikachezewa na watoto. Katika Kiamu, zidaka na zigae ni ngeli moja yenye kiambishi kimoja, na si vigumu kumwazia mwenyeji akiyataja yote mawili katika pumzi moja.

Maisha ya nne yalianza wageni walipofika kwa wingi, kuanzia miaka ya 1970. Kigae kikarudi sokoni. Kilichokuwa kimevuka bahari kuja Lamu kikiwa kizima kikaanza kuvuka tena kwenda Ulaya na Marekani kikiwa kipande. Mwaka 2001 mji wa kale ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na thamani ya chochote chenye harufu ya ukale ikapanda pamoja nao.

Fedha juu ya fedha

Kazi yenyewe ya sonara inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kipande huchaguliwa kwa kufuata alama iliyo juu yake. Husuguliwa kwenye jiwe hadi kipate umbo la duara, yai au mraba. Hukatiwa bamba jembamba la fedha la kukalia. Kisha huzungushiwa ukingo wa fedha unaolehemiwa kwenye bamba hilo na kubanwa juu ya kigae kwa subira, maana kauri haikubali kupigwa. Uamuzi mkubwa hufanyika mwanzoni. Sonara anapoamua kulibakiza jani na kulisugua ua, amekwisha kuhariri.

Fedha inayokizingira kigae nayo ina wasifu. Katika Kiswahili, fedha ni madini na fedha ni pesa, na utata huo si wa bahati tu. Kwa muda mrefu riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria, ilikuwa ikitumika katika biashara ya Pwani na nchi zinazoizunguka Bahari ya Shamu, na masonara waliiyeyusha kutengenezea mapambo. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha halisi. Jambo la ajabu ni tarehe yake. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zilizoendelea kupigwa baada ya hapo, hata katika karne ya 20, zote zimeandikwa 1780. Ilikuwa pesa iliyokataa kuzeeka. Mwanamke aliyevaa furungu la fedha alikuwa amevaa akiba yake, na siku ya dhiki pambo liliweza kurudi kuwa pesa.

Pete ya kigae inalivunja agano hilo. Fedha iliyomo ni kidogo, na kigae hakiwezi kuyeyushwa. Siku ya dhiki pete hiyo haina mnunuzi kijijini. Mnunuzi wake ni mgeni tu, na mgeni asipokuja haiuziki. Hilo lilidhihirika baada ya watalii kutekwa nyara katika eneo la Lamu mwaka 2011, likadhihirika tena baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, na kwa mara nyingine mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Mapambo ya zamani yaliihifadhi familia dhidi ya misukosuko ya mji. Hili la sasa hutetereka pamoja na mji.

Mji mwingine, takataka nyingine

Ili kuona ni nini hasa kinachoitia pete ya Lamu utata, inafaa kuilinganisha na pambo lililotokana na mji mwingine ambao nao ulipanda na kushuka. Detroit, katika Marekani, uliishi kwa viwanda vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na wakazi takriban milioni 1.85, sensa ya 2020 ilihesabu takriban 639,000 tu, na kabla ya hapo, mwaka 2013, serikali ya mji ilikuwa imekwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Enzi ambazo magari yalipakwa rangi kwa kunyunyiziwa kwa mkono, rangi iliyokosa gari ilitua kwenye reli na vyuma vya kubebea, ikaingia katika tanuri pamoja na magari, ikakauka. Kesho yake rangi nyingine ilitua juu yake. Baada ya miaka pakawa na gamba gumu la matabaka mengi, jekundu juu ya buluu juu ya jeusi. Gamba hilo likikatwa na kung'arishwa hufanana na jiwe la thamani, na masonara hulitia kwenye pete na vidani. Limepewa jina fordite, kutokana na jina la kampuni ya Ford. Mbinu za kupaka rangi zilipobadilika, gamba likaacha kuzaliwa.

Mfanano na Lamu uko wazi: mabaki ya kazi iliyoujenga mji yanakuwa kito baada ya kazi hiyo kuondoka. Tofauti ndiyo yenye uzito zaidi. Gamba la rangi lilikuwa takataka isiyomhusu mtu. Lilipobanduliwa kwenye reli, hakuna aliyepoteza maarifa. Tena matabaka yake yote yamo ndani ya pete yenyewe, na mjuzi anaweza kuyahesabu. Kigae cha Lamu hakiyabebi matabaka yake. Matabaka yake yalikuwa udongoni.

Kigae na udongo wake

Mwanafalsafa Charles Sanders Peirce aliigawa ishara katika aina tatu: ikoni, inayofanana na kinachoashiriwa; indeksi, inayoungana nacho kwa mguso au kwa sababu, kama moshi unavyoungana na moto; na simboli, inayotegemea mapatano ya watu. Picha ya ngome ya Lamu iliyochorwa kwenye mkufu ni ikoni. Pete ya kigae haifanani na Lamu hata kidogo. Inaungana na Lamu kwa sababu kipande hicho kilikuwapo hapo, kilishikwa na mikono ya hapo, kilivunjikia hapo. Ni indeksi, na nguvu ya indeksi iko katika ukweli wa mguso. Mguso ukiwa wa uongo, kinachobaki ni kauri na fedha.

Mwanaakiolojia naye hukisoma kigae kama indeksi, ila anachokisoma ni uhusiano wake na tabaka kilimokutwa. Kigae kilichokutwa chini ya sakafu ya msikiti kinaweza kusaidia kukadiria msikiti ulijengwa lini. Kigae hicho hicho kikiwa mezani pa sonara hakiwezi tena kutoa ushahidi huo, hata kama rangi yake imehifadhiwa vizuri kuliko ingehifadhiwa ghalani. Ndiyo maana sheria haikukisahau. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa kitu hicho nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni anayevuka kwa mashua kwenda uwanja wa ndege wa Manda akiwa na pete yake huenda hajui kwamba, iwapo muuzaji alimwambia kweli kuhusu umri wa kigae, kidole chake kinamtia hatiani. Anasalimika tu ikiwa muuzaji alimdanganya.

Haifai kumtwika sonara lawama yote. Kuna tofauti kati ya kigae kilichotupwa ufuoni na mawimbi, ambacho bahari imekwisha kukitenga na tabaka lake, na kigae kilichofukuliwa kwa jembe katika magofu ya Takwa au Pate. Kuna pia vigae vinavyotoka majumbani mwa watu, vya sahani za bibi zilizovunjika juzi wakati wa kuhamisha kabati. Hivi vya mwisho vina wasifu mzuri kuliko vyote, kwa kuwa yuko mtu anayeweza kuusimulia. Tatizo ni kwamba pete haionyeshi tofauti hizo. Mezani pa sonara vigae vyote vimelala pamoja, na mnunuzi hulipia hadithi moja kwa vyote. Tukiipima kwa vigezo vya mapambo ya dhana, hapa ndipo pete ya Lamu inapopungukiwa. Künzli aliificha dhahabu kwa makusudi na kuufanya mficho huo kuwa hoja. Katika pete ya kigae, asili imefichika kwa uzembe.

Bandari na kandambili

Mji ambao pete hii inauzungumzia haujasimama. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari mpya, upande wa bara, lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi huo. Meli za makontena zinafika katika maji ambayo majahazi ya kauri yaliyapita. Bidhaa za Uchina zinaendelea kuingia, wala hazingoji kuwekwa kidakani.

Mabaki ya enzi hii ni plastiki. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walikamilisha Flipflopi, jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya kandambili za rangi mbalimbali, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Waundaji wake walifanya kwa kandambili kile ambacho sonara hufanya kwa kigae, isipokuwa wao walisema wazi walichookota na mahali walipokiokota. Hakuna tabaka lililoharibiwa, ufuo ulisafishwa. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, kuyasoma pamoja maneno kigae, taka na urithi kwa kutumia jahazi hilo na pete hii kungezaa matunda zaidi kuliko uchambuzi mwingine wa majina ya kanga, ambao kwa hakika umetosha.

Linabaki swali la sahani mpya. Tuseme sonara ananunua sahani dukani, anaivunja makusudi na kukitia kipande chake katika pete. Kwa sheria, hana kosa. Kwa mwanaakiolojia, ni mtu wa kushukuriwa. Lakini kwa mujibu wa Peirce, pete hiyo imeacha kuwa indeksi ya Lamu ya kale na kuwa ikoni yake, mfano wa kigae badala ya kigae. Je, imekuwa uongo? Itakuwa uongo ikiuzwa kwa hadithi ile ile ya jahazi la Uchina. Isipouzwa hivyo, inaweza kuwa kweli zaidi kuliko nyingine zote, maana sahani inayoshushwa leo kutoka kontena ni historia ya Lamu kama ile ya karne ya 15, na mtu anayeivunja kwa ajili ya mgeni ni sehemu ya tabia mpya ya mji. Pete ya namna hiyo ingehitaji tu kuchorwa upande wa ndani, kwa herufi ndogo za sonara, jina la mahali kigae kilipotoka: ufuo wa Shela, nyumba ya bibi fulani mtaa wa Mkomani, au duka la vyombo la Mokowe.